Agizo la Dawa Limelala Wapi?

Katika zahanati na vituo vya afya vya mteremkoni juu ya mji wa Moshi, iwe ni Uru, Kibosho, Kirua au Mwika, lipo jalada moja ambalo muuguzi hulifungua shingo upande. Ndani yake mna nakala za maagizo ya dawa. Agizo lilijazwa, likatiwa sahihi, likapigwa muhuri, likateremshwa wilayani, na tangu siku hiyo halina habari. Mama anayetarajia kujifungua wiki ijayo akiuliza kama dawa ya kuzuia kutokwa damu ipo, muuguzi anaweza kumweleza kilichomo ndani ya jokofu. Hawezi kumweleza kilichomo njiani, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui kama kuna chochote njiani.

Programu yoyote ya kufuatilia maagizo hununuliwa ili ijibu swali hilo dogo: agizo liko wapi sasa, na kama limekwama, limekwama kwa nani? Ni ajabu jinsi swali hilo linavyosahaulika pale bodi ya hospitali au kamati ya ununuzi inapoketi kuchagua. Wauzaji huja na majedwali yanayojichora yenyewe, ramani zenye vidoti vyekundu na vya kijani, na orodha ndefu ya mambo ambayo mfumo wao unaweza kufanya. Wajumbe hutoka ukumbini wameridhika. Jalada la mteremkoni hubaki pale pale lilipokuwa, ila sasa limeongezewa kazi ya pili ya kunakiliwa kwenye kishikwambi.

Tanzania si mgeni wa jambo hili, na historia yake inafaa kukumbukwa kabla ya kununua chochote. Katika miaka ya 1980, chini ya Mpango wa Dawa Muhimu uliofadhiliwa na Denmark kupitia UNICEF, vituo vilipelekewa makasha yaliyokwisha fungwa. Zahanati ya nyanda za joto za Same penye malaria na zahanati ya juu Rombo, karibu na msitu, penye baridi na vikohozi, zote zilipata kasha la namna moja. Kasha halikuhitaji kufuatiliwa kwa sababu hakuna aliyeliagiza. Bohari ya Dawa ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Baadaye ukaja utaratibu wa kila kituo kuomba kinachokihitaji, na katika miaka ya 2000 ukajengwa juu ya fomu ya taarifa na maombi: kituo kinaandika kilichopokea, kilichotumia, kilichobaki, na siku ambazo dawa haikuwepo, kisha kutokana na hayo kinakokotoa kiasi cha kuomba. Vituo viligawanywa katika makundi matatu, kila kundi likawa na mwezi wake wa kuagiza.

Mwaka 2013 na 2014 ukaingia mfumo wa kielektroniki wa eLMIS, uliotengenezwa kwa ushirikiano na Zambia juu ya programu huria ya OpenLMIS, na ukaunganishwa na mfumo wa ghala wa Bohari. Hapo mwanzo karatasi ziliendelea kuteremka hadi kwa mfamasia wa wilaya, zikaingizwa kwenye kompyuta huko. Vituo vyenyewe vilianza kuingiza baadaye. Mwaka huohuo wa 2014 Mkoa wa Dodoma ulianza utaratibu wa Jazia, ambao kwa huo dawa isiyopatikana Bohari hununuliwa kwa mshitiri mmoja aliyeshindanishwa na kuteuliwa kimkoa. Kufikia 2018 utaratibu huo ulikuwa umepelekwa nchi nzima.

Mtu anaweza kuuliza: kama Serikali imekwisha chagua, kuna nini tena cha kuchaguliwa? Kwa zahanati ya kijiji jibu ni kidogo sana. Lakini katika Mkoa wa Kilimanjaro sehemu kubwa ya tiba iko mikononi mwa taasisi za dini. Hospitali za Machame, Marangu, Kibosho, Kilema, na Huruma kule Rombo zote zina wamiliki wa namna hiyo, na KCMC yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya kanda iliyo chini ya Good Samaritan Foundation. Taasisi kama hizi huagiza Bohari, huagiza pia kwa wauzaji wa jumla, na nyingine hupokea shehena za msaada kutoka ng'ambo. Zina bodi zake, zina wahasibu wake, na karibu kila mwaka huja mtu mlangoni kuziuzia mfumo mpya. Hapo ndipo uchaguzi ulipo, na hapo ndipo makosa hufanyika.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kufuatilia agizo ni kufuatilia gari. Gari ni sehemu rahisi. Kutoka ghala la kanda la Bohari mjini Moshi hadi kituo cha mbali kabisa cha mteremkoni ni safari ya saa chache, hata katika masika ambapo barabara za udongo huteleza kama sabuni. Majuma hupotea kwingine: kwenye meza inayosubiri sahihi, kwenye malipo yasiyoidhinishwa, kwenye mstari wa agizo uliofutwa ghalani bila aliyeagiza kuambiwa. Agizo la dawa 40 halijibiwi kwa neno moja. Dawa 22 zinaweza kuwa zimepatikana zote, 9 zimepunguzwa kiasi, 6 zimekosekana, na 3 zimebadilishwa kwa za aina nyingine. Programu inayosema tu "agizo limetumwa" na baadaye "agizo limepokelewa" imeficha habari yote yenye thamani. Kinachotakiwa ni jibu la kila mstari, pamoja na sababu yake na tarehe yake.

Tofauti hiyo si ya urembo. Tuseme kituo cha afya kinatumia vichupa 20 vya oksitosini kwa mwezi. Kwa miezi mitatu kinaomba vichupa 60, kinapata 30. Vinatumika siku 45 vikaisha, na kwa siku 45 zilizobaki jokofu ni tupu. Programu iliyotengenezwa kwa haraka itachukua vichupa 30 vilivyotumika, itagawa kwa miezi mitatu, na kutangaza kwamba matumizi ya kituo ni vichupa 10 kwa mwezi. Agizo lijalo litapendekezwa liwe la vichupa 30. Ghala litatoa 30 vyote, na taarifa ya robo mwaka itaonyesha kwamba maombi ya kituo yametimizwa kwa asilimia 100. Kila mtu aliye juu atafurahi, wakati nusu ya wajawazito wa kata ile wamefutwa kwenye hesabu. Programu iliyofikiriwa vizuri ingegawa vichupa 30 kwa siku 45 ambazo dawa ilikuwepo, ikapata matumizi halisi ya vichupa 20 kwa mwezi, na ingeonyesha kwamba vichupa 30 vya agizo la kwanza bado ni deni. Fomu ya karatasi ya zamani ilikuwa na safu ya siku za kukosekana kwa dawa kwa sababu hiyo hasa. Inasikitisha kuona mifumo ya gharama kubwa ambayo haina safu hiyo.

Na siku zile 45 kituo hakikukaa bure. Pengine kilinunua vichupa vichache mjini kwa fedha taslimu, vikapandishwa mlimani kwa bodaboda. Oksitosini hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Nani anajua ilifika ikiwa na nguvu gani? Ununuzi wa namna hiyo usipoweza kuandikwa ndani ya mfumo uleule, hubaki kwenye risiti ndani ya droo. Ndiyo maana programu inayojua muuzaji mmoja tu haitoshi katika nchi yenye utaratibu wa mshitiri. Agizo moja la kituo hugawanyika: sehemu inajibiwa na Bohari, sehemu inakwenda kwa mshitiri, sehemu inanunuliwa dukani. Vipande hivyo vyote vinapaswa kubaki chini ya namba moja ya agizo la asili. Kikipata kila kimoja namba yake bila kukumbuka kilikotoka, hakuna atakayejua tena kama mahitaji ya kituo yalitimia. Tena taarifa ya kwamba dawa haipo Bohari ndiyo ufunguo wa kwenda kwa mshitiri. Taarifa hiyo ikichelewa wiki mbili, kituo kimechelewa wiki mbili hata kama mshitiri ana shehena tele.

Lipo pia jambo la vipimo, ambalo wataalamu wa kompyuta huliona dogo na wafamasia hukosa usingizi kwa ajili yake. Amoksilini ya miligramu 250 yaweza kufungwa kwenye kopo la vidonge 1,000 au kwenye boksi la vidonge 100. Muuguzi akiandika 5 akiwa na maana ya makopo, na ghala likasoma maboksi, kituo kilichoomba vidonge 5,000 kitapata 500, na mfumo utaandika kwamba agizo limetimizwa lote. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza programu ina rangi gani, hospitali iulize inatumia orodha ipi ya bidhaa na misimbo ipi. Kama misimbo yake si ile inayotumiwa na Bohari, au kama haina jedwali la kutafsiri misimbo hiyo kwenda ya wauzaji wengine, basi kila agizo litahitaji mtu wa kukaa na kulinganisha majina. Mtu huyo hatakuwepo Jumamosi.

Watetezi wa mifumo mikubwa husema kwamba dawa ya matatizo haya yote ni kununua mfumo mmoja unaobeba kila kitu: mapokezi ya wagonjwa, maabara, mishahara, stoo, maagizo na bima. Hoja hiyo ina nguvu, maana kila mahali ambapo mifumo miwili haizungumzi, yuko karani anayenakili. Lakini Uingereza, yenye fedha na wataalamu wengi kuliko Afrika Mashariki yote, ilianzisha mwaka 2002 mpango wa kitaifa wa kuziunganisha hospitali zake kwa kompyuta, na mnamo Septemba 2011 serikali ikatangaza kuuvunja baada ya kutumia mabilioni ya paundi. Makubaliano yalifanywa juu, na madaktari na wauguzi waliokusudiwa kuutumia hawakushirikishwa vya kutosha. Hospitali yenye vitanda mia moja pembezoni mwa msitu haina mabilioni ya kupoteza. Inafaa zaidi kuchukua programu ndogo inayofanya kazi moja na inayokubali kuzungumza na nyingine, kuliko kubwa inayodai kwamba nyingine zote ziondoke.

Mfano wa hapa nyumbani unaonyesha jinsi kitu kidogo kinavyoweza kufika mbali. Mwaka 2009 na 2010, katika wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, vituo 129 viliombwa kutuma kila wiki ujumbe mfupi wa simu ukitaja kiasi cha dawa za malaria kilichobaki. Hapakuwa na kishikwambi wala intaneti vituoni; ilitosha simu ya kawaida ya mhudumu. Juma la kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimekosa angalau dawa moja ya malaria katika zile zilizofuatiliwa. Kufikia juma la 21 vilikuwa vimebaki asilimia 26. Jaribio hilo husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa simu ya mkononi. Lililotokea ni kwamba maofisa wa wilaya waliona, kwa mara ya kwanza na kwa wakati, kituo kipi kina ziada na kipi kimeishiwa, na wakahamisha dawa. Ujumbe usio na mtu mwenye mamlaka na gari la kutenda kwa ujumbe huo ungebaki takwimu.

Wakulima wa kahawa wa mteremko huu walilijua jambo hili kabla ya kompyuta. Tangu KNCU ilipoundwa mwaka 1933, kahawa ya mkulima wa Marangu au Kibosho ilipita mikono mingi: chama cha msingi, kiwanda cha kukoboa mjini Moshi, kisha mnada. Mkulima alipata malipo ya awali, na ya pili yalikuja miezi mingi baadaye, baada ya kahawa kuuzwa. Kilichomwezesha kuyadai hayo ya pili ni kipande cha karatasi chenye kilo na tarehe, ambacho wengi walikihifadhi sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo. Yapo mengi ya kulalamikia katika historia ya ushirika, lakini stakabadhi ile ilikuwa na sifa ambayo programu nyingi za leo hazina: ushahidi ulibaki mikononi mwa aliye chini kabisa katika mnyororo. Programu za maagizo kwa kawaida hujengwa kinyume chake. Anayejaza anatoa habari, na anayetazama yuko Moshi, Dodoma au Dar es Salaam. Muuguzi aliyeingiza mistari 40 haruhusiwi hata kuona kama mfamasia wa wilaya amekwisha kuidhinisha.

Sifa hiyo ndiyo inayopaswa kutangulia nyingine zote katika uchaguzi: yule aliyeagiza aone anachoona mkubwa wake kuhusu agizo lake. Aone limefika kwa nani, tangu tarehe ipi, na linasubiri nini. Na hapa ni vema kusema wazi jambo ambalo vikao hulizunguka. Mfumo unaoonyesha kwamba agizo limelala siku 19 kwenye meza fulani huwa na marafiki wachache katika kamati inayouchagua, kwa kuwa wenye meza ndio wajumbe. Watasema ni mgumu kutumia. Watasema haukidhi mahitaji ya taasisi. Mwenyekiti wa bodi mwenye busara atauliza ni mahitaji ya nani hasa yasiyokidhiwa.

Vyuo vikuu vya tiba navyo havina mikono safi. Kila mradi wa utafiti huja na vishikwambi vyake, programu yake na fomu zake za kufuatilia dawa na vitendanishi vya mradi. Muuguzi yuleyule mmoja hujikuta anaandika kichupa kilekile mara tatu: kwenye leja, kwenye mfumo wa taifa, na kwenye kishikwambi cha watafiti. Mradi unapokwisha vishikwambi huondoka au hubaki kabatini, na takwimu zilizokusanywa hukaa kwenye kompyuta ya mahali pengine. Kamati za maadili hukagua kwa makini karatasi ya ridhaa ya mgonjwa, na hilo ni jema. Zingeweza pia kuuliza mradi utamwongezea mhudumu wa zahanati dakika ngapi za kuandika kila siku, na kama programu ya mradi inasoma kilichokwisha ingizwa badala ya kukiomba upya.

Wako wanaosema kwamba mjadala wote huu ni wa anasa, kwa kuwa tatizo la dawa ni fedha. Kituo kisicho na salio hakiletewi, na hakuna programu inayozaa vidonge. Ni kweli. Hata hivyo dawa inapokosekana zipo sababu tatu zinazofanana kabisa machoni pa mgonjwa: kituo hakikuwa na fedha, ghala halikuwa na dawa, au vyote vilikuwepo na agizo likalala. Ya kwanza huponywa na halmashauri, bodi na bima. Ya pili huponywa na Bohari na mshitiri. Ya tatu huponywa na mkubwa wa ofisi anayepita asubuhi kuuliza. Bila rekodi ya kila hatua, zote tatu huitwa "hakuna dawa", na kila upande hupata nafasi ya kuunyoshea mwingine kidole. Kamati ya afya ya kijiji, ambayo kwa haki ingepaswa kuuliza, haina hata karatasi ya kuanzia.

Katika fedha, bei iliyoandikwa kwenye zabuni ndiyo ndogo kuliko zote. Hospitali iulize ada ya kila mtumiaji kwa mwaka, gharama ya vifurushi vya intaneti na nani atavilipa kule kituoni, gharama ya kishikwambi kitakachoanguka na kuvunjika kioo, na mshahara wa fundi baada ya mwaka wa kwanza. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, taasisi nyingi duniani ziligundua kwa siku moja ni kazi zipi zilizokuwa zikilipiwa na mtu mwingine. Programu inayotunzwa na mradi ina tarehe ya kufa hata kama haijaandikwa. Kuna na swali la kuondoka: siku hospitali ikitaka kuhama, je, itapewa maagizo yake yote ya miaka iliyopita katika jedwali la kawaida linalosomeka popote, au itabidi ilipe ili irudishiwe kilicho chake? Muuzaji anayejibu swali hili kwa maneno mengi amekwisha kulijibu. Na kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 sasa inatumika, inafaa pia majina ya wagonjwa yasiingizwe kabisa katika programu ya maagizo. Ghala linahitaji kujua idadi ya dozi tu.

Jinsi ya kujaribu programu ni muhimu kuliko jinsi ya kuilinganisha kwenye karatasi. Maonyesho ya hotelini mjini Moshi, penye umeme na intaneti ya kasi, hayafundishi kitu. Data zake zimetungwa, na kila agizo lake hutimia. Hospitali ichukue agizo moja la kweli la mwaka uliopita, lile lililoharibika: lililopunguzwa, likagawanyika kwa mshitiri, likapokelewa mara mbili, likawa na boksi moja lililopasuka na dawa moja iliyofika ikiwa imebakiza miezi miwili kabla ya muda wake kwisha. Kila muuzaji aombwe aliingize agizo hilo tangu mwanzo hadi mwisho mbele ya mtunza stoo na muuguzi, si mbele ya wakurugenzi. Kisha kifaa kipelekwe juu, mahali ambapo mtandao huja na kwenda, kikae na mhudumu wa zamu siku tatu bila fundi wa muuzaji kuwa karibu. Kinachoandikwa wakati mtandao haupo lazima kihifadhiwe na kijitume chenyewe utakaporudi, bila kujirudia. Mhudumu huyo apewe kura katika kamati, na kura yake ihesabiwe sawa na ya mhasibu mkuu.

Lugha nayo isipuuzwe. Ujumbe wa kosa unaotokea kwa Kiingereza cha wahandisi saa nane ya usiku haumsaidii mtu aliyetoka kuzalisha. Maneno ya Kiswahili yanayotumika stoo yapo na yanajulikana: leja, salio, ankara, hati ya mapokezi. Muuzaji anayeshindwa kuyaweka kwenye kioo hajakaa siku moja katika stoo ya dawa.

Na daftari la nakala za karatasi lisitupwe siku programu inapozinduliwa. Vyote viwili viende pamoja hadi masika moja yapite, kuanzia Machi hadi Mei, wakati umeme unapokatika na barabara zinapoharibika. Kila mwisho wa mwezi mfamasia aketi na mtunza stoo walinganishe mstari kwa mstari, waone programu imesema nini na karatasi imesema nini, na rafu ina nini. Rafu ikikubaliana na karatasi na kuikataa programu kwa miezi miwili mfululizo, mkataba usitiwe sahihi ya mwisho.